Friji la wazi la mtumba kwenye duka la Tanga: shajara ya kazi, Januari hadi Aprili 2025

Hili ni friji la wazi la maziwa na mtindi, la mtumba kutoka Ulaya, ninalolifunga kwenye duka la vyakula hapa Tanga mjini. Mafriji ya aina hii nimeyaona yamekufa kwenye maduka matatu ya pwani, na mara zote fundi alilaumu kompresa. Sikuridhika na jibu hilo. Nimeamua kuandika kila hatua ili fundi mwenzangu wa Pangani, Bagamoyo au Mombasa akiletewa la kwake awe na pa kuanzia. Gharama nitaziandika, na palipoharibika nitapaeleza kwa urefu kuliko palipokwenda sawa. Mwenye duka ameruhusu, ila jina la duka nisilitaje.

Jumatatu, 13 Januari 2025: friji limefika

Urefu mita 2.5, rafu tano, mbele hakuna mlango wala kioo. Baridi inazuiwa isitoke na pazia la hewa: feni zinasukuma hewa baridi itoke juu, ipite kwenye kichujio chenye matundu kama sega la nyuki, ishuke wima mbele ya rafu, kisha inyonywe kwenye wavu wa chini na kurudi kwenye koili, yaani bomba lililokunjwa linalopoza hewa. Ndani hakuna kompresa, kwa hiyo mashine ya nje inanunuliwa peke yake.

Mama mwenye duka amelinunua Dar kwa 3,200,000, usafiri 280,000. Amelipenda kwa sababu mteja akiingia tu anauona mtindi. Mtindi wenyewe unatoka kwa wafugaji wa Muheza, nao Ramadhani hautoshi. Ramadhani inaanza mwanzoni mwa Machi.

Koili ni safi, mapezi yake (vibati vyembamba) hayajalala. Feni tatu kati ya nne zinazunguka. Valvu ya upanuzi, ile inayopima kimiminika kinachoingia kwenye koili, ipo; imeandikwa R404A, jina la gesi ya kupozea. Kwenye kibandiko pembeni kuna alama 3M1. Hiyo 3 maana yake friji lilipimwa kwenye chumba cha nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60. M1 maana yake likiwa kwenye chumba hicho, paketi yenye joto kuliko zote haizidi nyuzi 5 na yenye baridi kuliko zote haishuki chini ya -1.

Kipimo changu dukani saa nane mchana: nyuzi 31, unyevu asilimia 75.

Nikaandika namba hizo daftarini, nikachukua uwezo ulioandikwa kwenye kibandiko, kilowati 3.3, nikaongeza asilimia 20, nikaona nimejihadhari vya kutosha.

(Nyongeza ya 9 Februari: hapa ndipo kazi nzima ilipopotea, na ningekaa na kalamu dakika kumi ningeliona. Kilo moja ya hewa ya chumba cha majaribio ina gramu 12 hivi za maji. Kilo moja ya hewa ya duka hili ina gramu 21. Ikiingia kwenye friji na kupozwa hadi nyuzi 3 inabaki na gramu kama 4.7, zilizobaki zinaganda kwenye koili. Kwa hiyo kila kilo ya hewa inayopenya inaacha gramu 7 kule Ulaya na karibu 17 hapa Tanga. Ni zaidi ya mara mbili, na kila gramu kompresa inailipia.)

Alhamisi, 16 Januari: mahali

Mama anataka friji liwe karibu na mlango wa duka. Nimekubali. Sakafu nimeipima kwa maji, ilikuwa na mteremko wa sentimita 2 kuelekea mlangoni, nikanyanyua miguu ya upande huo.

Mashine ya nje ni mpya, HP 3, fezi tatu, 2,850,000. Stoo sikuiweka ingawa ndiyo ilikuwa karibu: hewa ya moto ingezunguka humo humo. Imekaa uchochoroni upande wa mashariki, chini ya mabati, sentimita 40 kutoka ukutani. Jua la mchana haliipati.

Jumatano, 22 Januari: mabomba

Mita 14 kwenda, bomba la kurudishia la inchi 7/8 na la kimiminika la nusu inchi. Bomba la kurudishia linapanda hadi darini, kwa hiyo chini ya mpando nimeweka kiwiko cha kushika oili, na juu nimelipa mteremko kuelekea kompresa. Sponji ya milimita 19 kote, maungio ya sponji yamegundishwa kwa gundi yake, siyo kwa selotepu. Hewa ya pwani ikipata upenyo wa kidole, dari inaoza.

Nilichomelea huku nitrojeni ikipita taratibu ndani ya bomba. Mtungi uliisha vikiwa vimebaki viungo viwili, vile vya karibu na friji. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, duka la gesi limefungwa. Nikasema ni viungo viwili tu. Nikachomelea bila nitrojeni.

Jumamosi, 25 Januari: kupima uvujaji na vakyumu

Nimechukua mtungi mwingine wa nitrojeni, 70,000. Jana saa tisa alasiri tulijaza psi 300. Leo alfajiri geji inasoma 293.

Kijana wangu akasema, "Kaka, tunavuja." Tukaanza na povu la sabuni kila kiungo, saa tatu nzima, hadi nyuma ya koili na tochi mdomoni. Hakuna hata kipovu. Ndipo nikakumbuka kupima joto: jana wakati wa kujaza ilikuwa nyuzi 31, alfajiri 24. Gesi ikipoa presha inashuka. Chukua 300, ongeza 14.7 ya hewa ya kawaida, zidisha kwa 297, gawa kwa 304 (ni nyuzi 24 na 31, kila moja ukiongeza 273), toa 14.7. Jibu ni 293 kasoro kidogo. Bomba halikuwa linavuja. Saa saba mchana, joto liliporudi, geji ilirudi 300 yenyewe. Ukipima uvujaji usiku kucha, andika joto pamoja na presha, la sivyo utatafuta tundu lisilokuwepo.

Vakyumu, yaani kunyonya hewa yote iliyomo kwenye mabomba, ilikwama mikroni 1,800, nayo inatakiwa ishuke zaidi. Ni unyevu. Nilivunja vakyumu kwa nitrojeni kavu mara mbili, nikabadilisha oili ya pampu, mara ya tatu ikashuka 450 na kutulia humo baada ya pampu kuzimwa.

Jumatatu, 27 Januari: kuwasha

R404A ni mchanganyiko wa gesi tatu, kwa hiyo inaingizwa ikiwa kimiminika, mtungi umepinduliwa, mzani chini yake. Ukiingiza mvuke, zinatoka kwa uwiano usio sawa na unachobakiza mtungini si R404A tena. Imeingia kilo 5.6, kioo cha kuchungulia kikawa safi bila mapovu na kitone cha katikati kijani, yaani mfumo mkavu.

Presha ya chini 48, ambayo kwa gesi hii ni kuchemka kwenye nyuzi kama -10. Presha ya juu 325, karibu nyuzi 50, nje kukiwa 33. Feni mbovu nimebadilisha, 85,000. Saa mbili usiku hewa ya ndani ilikuwa nyuzi 2. Mama alipanga mtindi mwenyewe, paketi kwa paketi, akazigeuza zote jina litazame mbele. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Jumatano, 5 Februari: kichujio cha valvu

Nimekaa siku tisa bila kuandika, na siku hizo zilikuwa mbaya. Kuanzia tarehe 30 presha ya chini ilianza kushuka: 40, kisha 31, kisha 15. Rafu za juu zikapanda nyuzi 11. Koili sehemu ya mwanzo tu ndiyo ilikuwa na barafu, kama robo, zilizobaki kavu na vuguvugu.

Nilifanya kinachofanywa na mafundi wengi. Niliona presha ya chini iko chini, nikasema gesi haitoshi. Nikaongeza nusu kilo. Kesho yake nikaongeza tena. Jumla kilo 1.4. Presha ya chini haikusogea, ya juu ikapanda 365. Siku hizo mbili kioo cha kuchungulia kilikuwa kimejaa kimiminika, hakuna povu hata moja, na nilikuwa nakiangalia kila nikiinama. Kioo kikiwa kimejaa na koili ina njaa, kimiminika kinafika, kinazuiwa mbele. Ningepima joto la bomba linalotoka kwenye koili siku ya kwanza, ningepata jibu. Nilipopima tarehe 4, tofauti kati ya joto la bomba na joto la gesi inapochemka ilikuwa nyuzi 22. Inatakiwa 5 hadi 7.

Leo nimefunga koki ya kimiminika, nikarudisha gesi yote kwenye tangi la mashine, nikafungua valvu. Kichujio chake ni kidogo kuliko kofia ya kalamu, wavu mwembamba wa shaba. Kilikuwa cheusi tii. Nilikigonga kwenye karatasi nyeupe, yakadondoka magamba membamba kama masizi yanayobanduka kwenye sufuria ya kuni. Nilipoyasugua kwa kidole yakawa unga. Ni shaba iliyoungua ndani ya bomba pale tulipochomelea bila nitrojeni. Vile viungo viwili.

Nimekata viungo vyote viwili, nimepitisha nitrojeni kwa kishindo hadi ikatoka safi kwenye kitambaa cheupe, nimechomelea upya nitrojeni ikipita, nimeweka draya mpya (kichujio cha kukausha na kusafisha gesi), vakyumu upya. Ile kilo 1.4 nimeirudisha kwenye mtungi wake kwa mashine ya kunyonyea. Nasisitiza hili kwa vijana: R404A haiachiwi hewani. Kilo moja yake inalipasha joto anga sawa na kilo 3,922 za kaboni dioksidi, kwa hesabu ya miaka 100. Kilo 5.6 za friji hili moja ni kama tani 22. Asiye na mashine ya kunyonyea aazime.

Balbu ya valvu, ile inayohisi joto la bomba linalotoka kwenye koili, niliikuta imefungwa chini ya bomba, pengine tangu huko ilikotoka. Chini kunapita oili, inadanganya. Nimeihamisha pembeni, pale ilipo namba 4 kwenye saa ya ukutani, nimeibana kwa vibanio viwili vya shaba na kuifunika sponji. Presha ya chini 48, tofauti nyuzi 6.

Paketi 46 za mtindi zimemwagwa. Kwa 2,000 kila moja ni 92,000. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, huu wametuletea watu wanaoamka saa kumi alfajiri kukamua." Nimelipa mimi.

(Nyongeza: draya nimeibadilisha tena siku tatu baadaye, maana hiyo ilishika masizi yaliyobaki.)

Jumamosi, 8 Februari: chetezo

Valvu ni nzima, lakini friji bado halikai. Nyuma ya rafu nyuzi 3, paketi za mbele nyuzi 9. Na kila baada ya saa sita koili inakuwa ukuta mweupe, hewa haipiti, joto linapanda hadi barafu iyeyuke. Muda wa kuyeyusha uliokuwa umewekwa ni mara nne kwa siku, dakika 20 kila mara. Nimeongeza mara sita, dakika 30. Ikasaidia kidogo.

Nilitaka kuliona pazia la hewa kwa macho. Nilikuwa na fikra ya kuchoma kipande cha katoni, mama akasema moshi wa katoni utakaa kwenye mikate. Akaenda ndani akarudi na chetezo, makaa mekundu, akatupia ubani.

Niliweka chetezo kwenye ngazi, usawa wa sega la juu. Moshi ulitakiwa ushuke wima kama kitambaa, uingie kwenye wavu wa chini. Ulishuka sentimita 30 hivi, ukayumba, ukapasuka katikati, nusu ikaingia kwenye rafu na nusu ikatoka nje ukumbini. Kijana wangu akatazama juu. Feni ya dari iko mita moja na nusu kutoka hapo, inazunguka mchana kutwa. Tukaizima. Moshi ukanyooka. Kisha mteja akafungua mlango wa duka, upepo wa bahari ukaingia, pazia likapasuka tena hadi alipoufunga.

Tulisimama pale nusu saa, tukizima na kuwasha. Nimefanya kazi hii tangu nitoke chuo cha ufundi cha VETA na sikuwahi kuiona hewa ya friji kwa macho hivyo. Feni ikiwa imezimwa na mlango umefungwa, ndani ya saa mbili paketi za mbele zilishuka kutoka 9 hadi 5.

Lakini duka la Tanga mwezi wa pili haliwezi kukaa bila feni na mlango umefungwa. Wateja walikuwa wanaloa jasho.

Jumatano, 12 Februari: maji sakafuni

Saa moja asubuhi simu: duka zima maji. Barafu ikiyeyuka maji hayashuki kwenye mfereji, yanajaa kwenye sinia na kumwagika mbele. Nilidhani kumeziba. Nilipitisha waya, hakuna kitu. Nilipozima feni za friji, maji yote yakashuka kwa mkupuo.

Kumbe feni zinanyonya hewa kutoka kwenye eneo la sinia, na bomba langu la maji lilikuwa limenyooka moja kwa moja hadi nje. Hewa ilikuwa inapanda humo kwa nguvu na kuyazuia maji. Tena ilikuwa hewa ya nje, yenye unyevu, inayokwenda moja kwa moja kwenye koili kuongeza barafu. Nimeweka kiwiko cha U cha bomba la milimita 32, kina cha sentimita 10, na baada yake mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. U hiyo lazima ijazwe maji kwa mkono kabla ya kuwasha friji mara ya kwanza, na kila friji likizimwa kwa wiki, maana inakauka.

Nikaweka ndoo nje kupima. Kwa saa 24 zimetoka ndoo mbili za lita 20, pungufu kidogo: lita 38. Hayo yote yalikuwa hewani dukani. Usiku huo ndipo niliporudi kwenye ile hesabu ya gramu 12 na gramu 21 na kukubali kwamba friji hili likiwa wazi hapa pwani litakuwa linakausha hewa ya mtaa mzima kabla halijapoza mtindi. Kuongeza HP si dawa. Ni kulifunga mbele.

Mita ndogo niliyoifunga kwenye waya wake inasema uniti 41 kwa siku. Kwa 356 kwa uniti ni 14,596 kila siku.

Alhamisi, 20 Februari: milango ya kioo

Fundi alumini wa hapa hapa mtaani ametengeneza fremu na milango minne ya kusukuma pembeni, kioo kimoja cha milimita 5, brashi za kuzuia upepo pembezoni, 640,000. Kazi safi, siku tatu.

Joto lilishuka mara moja. Mbele nyuzi 4, nyuma 3, koili ina ukungu mwembamba tu. Lakini baada ya saa moja milango haikuonekana. Vioo vilikuwa vyeupe kwa jasho, maji yakitiririka na kutengeneza dimbwi. Mama alinunua friji hili mteja aone mtindi, na sasa haonekani.

Kosa hili ni langu, fundi alumini alifanya nilichomwambia. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 inaanza kutoa jasho kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 au chini yake. Kioo kimoja, ndani kukiwa 4, uso wake wa nje nimeupima nyuzi 17. Hakikuwa na namna ya kukauka.

Jumatano, 26 Februari: vioo viwili, na feni inarudi

Milango mipya: kioo, nafasi ya milimita 12, kioo, kingo zimezibwa. Fremu za kwanza hazikupokea unene huo, zimetengenezwa nyingine. 1,150,000. Vioo vya zamani mama amevitumia kwenye kabati la mikate. Nusu ya gharama ya milango ya kwanza, 320,000, nimeikata kwenye ufundi wangu.

Uso wa nje sasa ni nyuzi 23. Ni bora, lakini bado chini ya 26. Jasho likawa jembamba, mtindi unaonekana kwa ukungu. Nilianza kufikiria waya za kupasha kioo, zile zilizomo kwenye milango ya kiwandani, nikahesabu umeme wake nikasononeka.

Saa sita mchana joto lilikuwa kali, mhudumu wa dukani akasahau agizo langu akawasha feni ya dari. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye sinia. Nilipoinuka, milango miwili iliyo chini ya feni ilikuwa inakauka kutoka katikati kwenda pembeni, kama bati baada ya mvua jua likitoka. Nikaweka kipimajoto: 27.

Inaeleweka. Hewa ikitembea juu ya kioo inakiletea joto la chumba haraka kuliko baridi ya ndani inavyokifikia. Feni ile ile iliyokuwa inapasua pazia la hewa wakati friji liko wazi, sasa kuna kioo katikati, haigusi pazia, inakausha kioo. Tumeongeza feni ndogo ya ukutani upande wa milango miwili ya mbali, iliyokuwa imekaa stoo. Hakuna gharama.

Nimeleta tena chetezo, nikakiweka ndani ya mlango uliofungwa. Moshi umeshuka wima hadi chini.

Kuyeyusha nimerudisha mara nne kwa siku. Presha ya chini nimeipandisha hadi karibu 58, kama nyuzi -5, maana koili haihitaji tena kuwa baridi vile. Uniti kwa siku zimeshuka kutoka 41 hadi 23. Ni 6,408 kila siku zinazobaki mfukoni mwa mama, kwa hiyo milango ya vioo viwili inajilipa kwa siku 180 hivi. Maji ya ndoo: lita 6.

Jumamosi, 1 Machi: hesabu

Friji na usafiri 3,480,000. Mashine ya nje 2,850,000. Mabomba, sponji na maungio 610,000. Mtungi wa R404A wa kilo 10.9 ni 380,000, na umebaki karibu nusu. Nitrojeni mitungi miwili 140,000, vijiti vya fedha 60,000, draya tatu 105,000, feni 85,000. Breka, kontakta, kilinda fezi na nyaya 420,000. Mfereji wa maji 70,000. Milango ya kwanza 640,000, ya pili 1,150,000. Ufundi 900,000 kabla ya makato. Jumla 10,890,000.

Kati ya hizo, milango ya kwanza, mtungi mmoja wa nitrojeni na draya mbili zimetokana na makosa: 780,000. Mtindi uliomwagwa, 92,000, haumo kwenye jumla.

Kwa duka dogo lisilohitaji mita 2.5, leo ningemshauri mtu achukue friji la milango ya kioo lenye kompresa yake ndani, la gesi ya R290, yaani propani. Gesi yake ni gramu chache na athari yake kwa anga ni ndogo sana, hakuna mabomba ya kuchomelea. Inawaka, kwa hiyo fundi wake awe amefundishwa, na moto usisogezwe karibu kabla mfumo haujatolewa gesi.

Jumamosi, 22 Machi: huduma ya kwanza

Ramadhani imefika katikati na kupita. Kuanzia saa kumi alasiri milango haipumziki, joto linapanda hadi 6, saa tatu usiku limerudi 4. Hakuna paketi iliyoharibika.

Wiki iliyopita fezi moja ilikatika usiku. Kilinda fezi kilizima kompresa, kikasubiri dakika tano baada ya umeme kutulia, kikawasha. Kifaa hicho ni 95,000, kompresa ni zaidi ya milioni.

Kondensa, koili ya mashine ya nje inayotoa joto, ina chumvi tayari. Mapezi ya alumini yana unga mweupe upande unaotazama bahari, baada ya miezi miwili tu. Nimeiosha kwa maji baridi ya bomba, kutoka ndani kwenda nje, bila presha kubwa. Mama ameonyeshwa, na kijana wake ataosha kila mwisho wa mwezi. Sega la nyuki la juu lilikuwa na vumbi la unga wa ngano, nimelitoa na kulisugua. Kwenye U ya maji nilikuta kibandiko cha bei kimejikunja.

Jumamosi, 12 Aprili: masika

Unyevu umefika asilimia 88 asubuhi. Usiku feni za duka zinazimwa, kwa hiyo alfajiri vioo vyote vina jasho jepesi. Mhudumu anafuta kwa kitambaa anapofungua, feni zikiwaka hakirudi kitu. Ndoo imepanda hadi lita 9. Uniti 25.

Mlango wa tatu brashi yake ya chini imeanza kulala, ukiweka kiganja unahisi baridi inatoka. Fundi alumini anakuja Jumanne na brashi nzito zaidi. Uzito wa gesi na joto la bomba nitavipima tena mwishoni mwa Juni, kusi ikiwa imeshika.